Dondoo Muhimu: Manyoya ya Kuku wa Maonyesho

Kuku aendaye maonyeshoni hutazamwa sana manyoya yake, na aghalabu wayaharibuo ni chawa na utitiri.

1. Fumua manyoya ya chini ya mkia kila juma, kwani mayai ya chawa hugandamana shinani mwa unyoya mithili ya chembe za sukari.
2. Kagua kwa taa, usiku, nyufa za fito za kulalia. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana, na kuku alalapo humtokea na kumfyonza damu.
3. Rudia dawa ya chawa na utitiri baada ya siku 7 hadi 10, maana mayai husalimika.
4. Usithubutu kumpaka mafuta ya taa, ada mbaya iliyoenea: huunguza ngozi.
5. Anaponyonyoka manyoya, mzidishie dagaa ili aoteshe mapya.
6. Mwoshe siku 2 au 3 kabla ya maonyesho, umkaushe barabara.