Kinga iko wapi? Somo la pa, ku na mu katika njia ya Kipushi

Tuseme likizo imefika, na wewe na mwenzako mmeazimia kwenda Kipushi kwa baiskeli. Mji huo wa mgodi uko kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Miti ya miombo iliyozunguka Lubumbashi imepungua sana kwa sababu ya makala na mashamba. Anayetaka kuona msitu hana budi kusafiri. Njiani mtapishana na watu wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala. Hao ndio walimu wa somo hili.

Tuanze na neno kinga. Mtu wa Dar es Salaam akisikia «kinga yangu imeharibika», atadhani habari ni ya ugonjwa, maana kwake kinga ni kitu cha kuzuia madhara. Hapa kwetu kinga ni baiskeli. Neno hilo lina ndugu zake ng'ambo ya mpaka: Kibemba kina incinga, na Kinyanja kina njinga.

Sasa mmechoka. Mnafika katika kijiji kidogo, mnamsalimu mama mwenye nyumba, mnamwomba awachungie baiskeli mpate kutembea kwa miguu. Mnaporudi jioni, hamzioni pale mlipoziacha. «Mama, kinga iko wapi?» Anaweza kujibu kwa namna tatu:

1. «Iko pa nyumba.» Ipo hapo hapo, penye nyumba.
2. «Iko ku nyumba.» Iko upande wa nyumbani, pengine si hapa tuliposimama.
3. «Iko mu nyumba.» Imo ndani.

Mwanafunzi aliyezoea kusikia «nyumbani» tu atazunguka ukuta wa nje, hataona kitu, kisha ataanza kunong'ona habari ya wezi. Kumbe mama aliziingiza ndani ili ziwe salama, na amekwisha kusema hivyo. Silabi moja isiyosikilizwa inaweza kumgeuza mwenyeji mwema kuwa mshukiwa.

Je, Kiswahili sanifu kimepoteza tofauti hizo? Hapana. Kimeziweka mahali pengine katika sentensi. Linganisha:

Nyumbani pana baiskeli.
Nyumbani kuna baiskeli.
Nyumbani mna baiskeli.

Nomino haibadiliki, kinachobadilika ni kiambishi cha kitenzi. Hizo ni ngeli za mahali, ambazo wanaisimu huzipa namba 16, 17 na 18. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, pa, ku na mu hutangulia nomino yenyewe, kama zinavyofanya katika Kibemba na Kiluba. Ndiyo maana tunasema «naenda ku Kipushi», hali sanifu husema «ninakwenda Kipushi» bila alama yoyote, kwa kuwa majina ya miji hayapokei -ni.

Kwa hiyo wale wanaokiita Kiswahili chetu «kilichovunjika» wanakosea. Kitu kilichovunjika hakitunzi tofauti tatu kwa utaratibu. Usemi wa mama yule na ule wa kitabu ni matawi mawili ya mti mmoja wa Kibantu. Hata hivyo, tusizidishe: mpaka kati ya pa na ku hauko sawa kwa kila msemaji, na mara nyingi mkono unaoonyesha upande ndio unaokamilisha maana. Tena, katika mtihani andika sanifu, kwa kuwa ndiyo inayopimwa. Lakini ukiwa njiani usimsahihishe mzee anayekuelekeza. Rudia neno lake kwa heshima, «Mu nyumba, mama?», naye atathibitisha au atakurekebisha.

Zoezi

(a) Andika kwa Kiswahili sanifu, ukitunza tofauti ya mahali: «Maji iko mu nyumba», «Maji iko pa nyumba».
(b) Kwa nini «ku Kipushi» haiwezi kugeuzwa kuwa «Kipushini»?
(c) Safari yako ijayo, mwulize mwenyeji njia na uandike jibu lake neno kwa neno. Hesabu pa, ku na mu, kisha eleza kila moja ilikuelekeza wapi. Usisahau kuandika pia mkono wake ulionyesha upande gani.