Mita Moja, Milango Miwili

Swali: Mwenye nyumba wa Kasulu mjini anaishi ua mmoja na mpangaji wake, mita ya umeme wa LUKU ni moja. Makato ya kila mwezi kwenye tokeni ni ya nani?

Jibu: Makato hayo si umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023.

Mdaiwa ni mwenye nyumba, hata kama tokeni kanunua mpangaji.

Basi amrudishie, au apunguze kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000. Umeme wenyewe ndio huleta ugomvi uani: huyu ana friji, yule taa mbili. Mita ndogo ya ndani kwa kila mlango humaliza ubishi wa nani kamaliza yuniti.