Nishati ya Nyuklia: Faida Yetu, Mabaki ya Nani?



Leo kwenye somo letu la kutunza mazingira nataka tuiangalie nishati ya nyuklia. Wengine tukisikia neno hilo tunawaza bomu tu. Wengine wanasema ni umeme usio na moshi, basi, mjadala umekwisha. Tusikimbilie upande wowote. Twende polepole.

1. Si umeme peke yake

Ndani ya kinu, urani hupasuliwa na kutoa joto kali. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, tunapata umeme. Lakini joto lenyewe nalo lina kazi. Kinu cha Beznau, Uswisi, hupasha joto nyumba za miji ya jirani. Kule Aktau, Kazakistani, kinu kilisaidia kwa miaka mingi kuondoa chumvi kwenye maji ya Bahari ya Kaspi ili watu wapate ya kunywa.

Vinu hutengeneza pia kobalti-60, ambayo mionzi yake hutibu saratani na kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali.

Na hapa nyumbani je? Miaka ya 1990, mbung'o madume walizalishwa Tanga, wakapigwa mionzi wawe tasa, kisha wakamwagwa Unguja kwa ndege. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena, na wafugaji wakapona na hasara ya nagana.

2. Sasa tuhesabu gharama

Ni kweli, kinu hakitoi hewa ya ukaa kinapofua umeme. Ila hesabu inaanzia mgodini. Mawe yaliyosagwa ili kutoa urani hubaki na mionzi, na yasipohifadhiwa vizuri huchafua maji na hewa. Kwetu, urani ipo Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2012 mpaka wa Selous kama Urithi wa Dunia ulirekebishwa kupisha mradi huo.

Halafu kuna ajali. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, ilihamisha watu wa eneo la kilomita 30 kuzunguka kinu. Fukushima, Japani, mwaka 2011, ilihamisha zaidi ya watu 100,000.

Mwisho ni mabaki. Kobalti-60 hupungua nusu kwa miaka mitano na kidogo. Plutoni-239, iliyomo kwenye mabaki ya vinu vya umeme, huchukua miaka kama 24,000 kupungua nusu tu! Jamani, tangu Kristo azaliwe ni miaka 2,000 na ushee. Ndiyo maana Ufini wamechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, wayafukie huko.

3. Tupime vipi?

Mimi sisemi nyuklia ni dhambi. Mgonjwa wa saratani akiomba mionzi, tumshukuru Mungu ipo. Ninachosema ni kwamba kila matumizi yaulizwe swali moja: anayefaidi na anayebeba mzigo ni mtu yuleyule? Mgonjwa anakubali mionzi kwa ajili ya afya yake. Mtoto atakayezaliwa miaka 5,000 ijayo hatawasha taa yetu hata moja, lakini mabaki tutamwachia.

Mwanzo 2:15 inatukabidhi kazi mbili, kuitumia ardhi na kuilinda. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, anasisitiza haki kati ya vizazi. Kijana wa Namtumbo anahitaji ajira, na ni haki yake. Anahitaji pia maji safi baada ya mgodi kufungwa. Asilazimishwe kuchagua kimoja.

Kwa hiyo mradi ukija, tusiulize umeme kiasi gani tu. Tuulize nani atalinda mabaki, kwa fedha ipi, na kwa muda gani. Majibu yawepo kabla ya kuchimba.

Ya kujadili kwenye jumuiya:
- Katika parokia yako, ni taka gani leo tunawaachia wengine?
- Ungekuwa kwenye kikao cha kijiji chenye urani, ungeuliza nini kwanza?