Kupiga Sahani: Maneno na Masikio mbele ya Vyombo vya Kale vya Muziki

Kiswahili sanifu kina neno santuri kwa mambo mawili: chombo kinachotoa muziki, na ile sahani nyeusi inayozunguka juu yake. Neno limetoka mbali. Kwa Waajemi na Waarabu, santuri ni ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili. Chombo kipya kilipoingia, wasemaji hawakutunga neno. Walikipa jina la ala waliyoijua tayari. Kinanda nacho kilipata kazi hiyohiyo. Sisi wa Lubumbashi majina mengi yametujia kwa mlango wa Kifaransa: disiki, fono, sheni. Hilo la mwisho linastahili kutazamwa, kwa sababu chaîne ni mnyororo, na kweli vyombo hivyo vimeungana pete kwa pete: kichwa cha sindano, kikuza sauti, vipaza sauti. (Redio za SABA zilizokuwa sebuleni kwa baadhi ya babu zetu hazina uhusiano na namba saba, ni ufupisho wa Kijerumani.)

Kitenzi ndicho kinachonivutia zaidi. Tunasema kupiga ngoma, kupiga gitaa, kupiga simu, kupiga picha, na pia kupiga santuri, ingawa hapo mkono haugongi chochote. Kisha mtendaji anabadilika: mtu anapiga, chombo kinalia. Mwalimu wa sintaksia angetaka tuulize kwa nini sahani “inalia” lakini picha hailii. Katika Kiswahili cha mji wetu, g ya kupiga husikika mara nyingi kama k, hata mama anayepika bukari na kijana anayepika disiki wanashiriki kitenzi kimoja masikioni, na hakuna anayewachanganya. Muktadha unatosha. Huo ni mfano mzuri wa homonimia kuliko ile tunayonakili kila mwaka kutoka vitabu vya Ulaya.

Lakini nimeandika makala haya kwa jambo lingine. Katika komini ya Kenya kuna fundi mzee anayetengeneza vyombo hivi, na ameniambia kwamba siku hizi wanaomletea mashine ni wachache kuliko wanaomuuliza bei ya shaba iliyomo ndani. Transfoma ya kikuza sauti cha zamani ni nzito, imejaa waya, nasi tunaishi katika mji unaojua thamani ya shaba. Mzee anafariki, warithi wanavunja chombo, sahani zinabaki bila kitu cha kuzipiga, kisha nazo zinatupwa.

Hasara hiyo inatugusa sisi wa isimu moja kwa moja. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wimbo wake “Masanga” ukatolewa kwenye sahani za 78. Ni Kiswahili cha Katanga cha miaka zaidi ya 70 iliyopita, kinywani mwa mtu aliyekisema. Ushahidi wa maandishi wa wakati ule ni mwingi kwa lugha ya wamisionari na mabwana wa kazi. Kwa lugha ya barabarani ni haba. Sahani kama hizo ni korpasi.

Korpasi hiyo ina masharti yake. Mashine nyingi za baadaye zina kasi mbili tu, 33 na 45. Ukiipiga sahani ya 78 kwa kasi ya 45, sauti ya Hz 200 inashuka hadi karibu Hz 115, neno linarefuka mara 1.7, na vokali zinapoteza sura kwa sababu formanti zote zimeshuka pamoja. Uwiano kati ya toni ya juu na ya chini unabaki, kwa hiyo anayechunguza toni za Kisanga au Kiluba bado ataziona. Anayepima vokali atapotea kabisa. Sindano nayo si moja: ya 78 ni pana takriban mara tatu kuliko ya sahani ndogo na za 33. Sindano nyembamba inateleza chini ya mfereji na kuokota uchafu, nawe unadhani ni msemaji anayekwaruza s zake. Tena, usisafishe sahani ya 78 kwa alkoholi. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka humo.

Kasi inapimika bila kifaa. Bandika kipande cha karatasi kwenye sinia la mashine ya 33, weka saa mkononi, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Inapaswa kuwa 100. Ukipata 97, mkanda wa mpira umelegea, na Hz 200 utaiandika Hz 194 katika jedwali lako.

Mashine iliyolala miaka mingi usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme. Kondensa zake huenda zimekauka. Fundi huunganisha kwanza balbu ya kawaida katika mfululizo: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hitilafu ndani, naye anazima kabla kitu hakijaungua.

Baada ya hapo, kaa chini. Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza, na chombo hiki kinakulazimisha la pili: sahani ya 78 ya kawaida inakwisha baada ya dakika 3 hivi, na huwezi kwenda jikoni. Mimi huipiga mara ya kwanza bila kalamu. Pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti na kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gitaa havionekani kwenye unukuzi wowote, na ndivyo vinavyonirudisha kuipiga tena.

Fundi wa Kenya bado ana vichwa viwili vya sindano ya 78. Anafungua kila siku isipokuwa Jumapili.