Mbung'o na Mbayuwayu wa Bonde la Lambwe

Ndugu msomaji, yafaa tutazame viumbe wawili wakutanao katika Bonde la Lambwe, huko Homa Bay, kaskazini ya Migori. Bonde hilo lilianza kuhifadhiwa mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma.

Wa kwanza ni mbung'o. Dume na jike wote hunyonya damu, na kwa kuuma kwao huwatia watu malale na ng'ombe nagana. Ajabu yake ni kuwa hatagi mayai kama nzi wa nyumbani. Jike huchukua mimba ya funza mmoja, humlisha maziwa tumboni, na kila baada ya siku tisa au kumi huzaa kivulini mwa kichaka. Funza naye hujifukia mchangani.

Wa pili ni mbayuwayu wa buluu, katika jamii ya ndege waimbao. Huyu hutaga katika mashimo ya ardhini, kama ya muhanga, katika nchi za kusini ya Afrika. Baridi ya huko ikikaribia, husafiri hadi Ruma, akakaa baina ya Aprili na Septemba akila wadudu warukao. Duniani wamebaki wachache.

Basi wamefanana kwa kuwa wote wawili huiamini ardhi kwa watoto wao. Wametofautiana kwa kuwa mmoja ataka kichaka, na wa pili ataka uwanda wa majani. Lakini zingatia: khofu ya mbung'o ni katika sababu kubwa zilizowazuia watu kulilima bonde lile, na majani yakasalimika. Adui wetu alikuwa bawabu wa mgeni wetu!

Wala hatusemi mbung'o aachwe. Malale yalizuka Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1981 dawa ilinyunyizwa kwa ndege. Baadaye ikapatikana mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, imvutayo nzi huyo bila ya kumwaga sumu bonde zima. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya.

Hiyo ni neema kubwa. Lakini bawabu akiondolewa, mlango hauachwi wazi. Majani yale yaliyolindwa na khofu, sasa yalindwe na akili zetu.