Tangawizi ya kuweka haioshwi

Juni imeingia, mawingu yameifunika Kibo, na jua la kuanikia huku Moshi limekuwa la kubahatisha. Ndiyo miezi ambayo tangawizi, iwe ya shambani kwako au iliyoshuka kutoka Mamba Miamba wilayani Same, huozea majikoni hapa Majengo. Lawama huangukia mbegu au muuzaji, ilhali mara nyingi kosa ni letu: tumeiosha, tumeichubua, kisha tumeifungia.

Tangawizi tunaiita mzizi, lakini ni shina linalolala ardhini. Lina macho, na hata likishang'olewa huendelea kupumua na kutoa unyevu. Kinga yake ni ganda. Jembe likilikata, au brashi ikilichubua wakati wa kuosha, kuvu hupata mlango. Ndani ya mfuko wa plastiki, jasho la tangawizi yenyewe hulowesha kidonda. Tazama pale kidole kilipokwanyuka: kovu kavu, gumu, ni dalili njema, likibonyea ukiligusa, uozo umeanza. Kwa hiyo pukuta udongo kwa mkono, na iliyojeruhiwa itumike kwanza. Nzima itandaze kivulini penye hewa kwa siku chache mpaka ganda likaze, kisha ifukie katika mchanga mkavu, vipande visigusane. Kagua kila wiki na uondoe kilicholainika.

Wapo watakaosema mnunuzi hataki tangawizi yenye udongo. Ni kweli, basi osha ile tu inayokwenda sokoni, si ya kuweka. Wengine watauliza kuhusu friji. Tangawizi huumizwa na baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi, na friji ya nyumbani huwa karibu na nyuzi 4. Kipande cha chai ya wiki mbili tatu hakina neno, ila ya mbegu isiingie humo. Ukiona ziada inaanza kusinyaa, ioshe sasa, ikate vipande vyembamba na uianike siku ya jua, au juu ya jiko lenye joto la wastani, hadi ivunjike kwa mlio. Ukali haupotei: ikikauka, sehemu ya gingeroli, kemikali inayoipa ukali, hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Na unapopika, kwangua ganda kwa kijiko badala ya kumenya kwa kisu, maana mafuta yanayonukia yamejaa chini yake tu.

Msimu wa kupanda ukifika, fukua mchanga ule. Vipande vigumu vyenye macho mawili matatu ndiyo mbegu yako, na hutalazimika kuinunua.