SOMO: Kondoo gani wanafaa Ikolo?



Mradi wa kondoo wa sufu unavutia. Lakini kwanza tujiulize: je, Ikolo inawafaa? Kondoo wa sufu kama Merino hustawi katika nchi kavu. Huku kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa kuna joto na mvua nyingi. Sufu hushika unyevu, na malisho yenye majimaji hueneza minyoo inayonyonya damu.

Afrika Mashariki tunao kondoo wekundu wa Kimasai. Hawana sufu, hufugwa kwa nyama na mafuta, na huhimili minyoo. Utafiti wa miaka ya 1990 katika pwani ya Kenya ulionyesha kuwa wanakondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper, mbegu ya Afrika Kusini. Hata hivyo, wale halisi wamepungua, kwa kuwa wafugaji wengi wamewachanganya na Dorper wakitafuta miili mikubwa.

Kabla ya kununua, vuta kope la chini la jicho la kondoo. Ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, damu imepungua. Huenda ana minyoo.

Swali la kujadili: Je, tunaomba fedha kwa ajili ya mnyama anayependeza pichani, au atakayeishi hapa?